Ushauri: nataka picha 12 za bahari kwa safari moja, nichague mwambao upi?

Wakuu, habari za leo.

Naomba mnisaidie mawazo. Mwakani nina likizo ya wiki mbili, mwezi naweza kuuchagua mwenyewe, na nimeamua siku zote nizitumie kupiga picha za pwani. Ninachotaka ni picha 12 nzuri kwelikweli, za kutosha kalenda ya ukutani, kila mwezi na picha yake. Siuzi. Nitawachapia ndugu na marafiki, nakala moja ibaki kwangu.

Mwaka jana nilijaribu. Niliungana na kikundi kwenda magenge ya Moher, Ayalandi. Miaka mingi nimekuwa nikiyatazama pichani: ukuta wa mwamba unaotoka baharini na kupanda mita 214 pale ulipo mrefu zaidi. Basi letu lilifika saa nne asubuhi na kuondoka saa saba mchana. Picha zote nilizorudi nazo ni anga jeupe na genge jeusi kama mkaa. Majani hayaonekani, tabaka za mwamba hazionekani, ndege ni vidoadoa. Nikadhani kamera ina ubovu, nikaipeleka kwa fundi, akaipima akasema ni nzima. Iliniuma sana, kwa sababu pale nilikuwa nimepatamani tangu utotoni.

Orodha yangu ya safari hii: Reynisfjara, ule ufuo wa mchanga mweusi Aislandi, vijiji vya Cinque Terre, Italia, Oia, kisiwani Santorini, nguzo za mawe za Twelve Apostles, Australia, Anse Source d'Argent, La Digue, Shelisheli, na Étretat, Ufaransa. Rafiki yangu ananishauri nichague nne, kila mahali siku tatu. Mimi nina wasiwasi na hesabu hiyo.

Maswali yangu: niende wapi, mwezi gani, na nifike saa ngapi? Nina kamera moja, lenzi pana ya milimita 16 hadi 35, lenzi ndefu ya 70 hadi 200, na tripodi nyepesi.

Natanguliza shukrani.

Matlai:

Pole sana ndugu. Kamera yako haikuwa na kosa, na wewe hukukosea kuishika. Saa ndiyo iliyokuangusha. Magenge ya Moher yanaitazama Atlantiki upande wa magharibi. Asubuhi jua linakuwa nyuma yake, na uso mzima wa mwamba umo kivulini. Kamera ikipima anga, genge linageuka mkaa. Ikipima genge, anga linaungua. Aliyesimama palepale ulipokuwa wewe, jioni jua likiwa limeteremkia baharini, anapata ukuta wa rangi ya asali na anaweza kuhesabu tabaka moja moja.

Kwa hiyo kabla ya jina la nchi, fungua ramani uulize: ufuo huu unatazama wapi? Anse Source d'Argent upo magharibi mwa La Digue, basi yale majabali ya graniti yaliyolainika yanapendeza alasiri kwenda jioni. Manarola, katika Cinque Terre, watu hupanda njia ya ng'ambo ya kijighuba kabla ya machweo, nyumba zikiwa zinapokea mwanga wa mwisho. Kuna upinde wa mwamba wa chokaa unaitwa Durdle Door, pwani ya Dorset, Uingereza. Katikati ya majira ya baridi, karibu na mwezi wa Desemba, jua linachomoza na kupenya kwenye tundu lake. Ukienda Julai utakaa hapo mwezi mzima bila kuliona, kwa sababu jua la kiangazi linachomoza mbali zaidi upande wa kaskazini.

Kuhusu shauri la sehemu nne, siliungi mkono. Siku tatu ni za kuanza kupajua mahali, na mojawapo itakuwa ya mawingu.

Kupwa Kavu:

Matlai kasema jua, mimi naongeza maji, maana naona wapiga picha wengi wanabeba ratiba ya jua na kusahau ya bahari.

Bahari hujaa na kupwa takribani mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, huja mwezi ukiwa nusu. Hayo wengi wanayajua. Wasilolijua wengi ni kwamba kila mahali bamvua ina saa zake. Ikiwa katika bandari fulani bamvua inapwa saa nane mchana, basi mwezi ujao nayo itapwa karibu na saa hizohizo, na mwaka kesho vilevile. Maana yake ni kwamba kuna fuo ambazo hutaziona zimekauka kabisa wakati wa machweo hata ukingoja miaka kumi. Na kuna fuo ambazo kila bamvua zinakupa maji yaliyojaa jioni, tena kwa uhakika. Ukilijua hili, unapanga safari kwa kalenda ya mwezi na hubahatishi.

Tofauti za maji duniani si ndogo. Ghuba ya Fundy, Kanada, maji hupanda hadi mita 16 hivi. Pale Hopewell Rocks asubuhi unatembea chini ya nguzo za mawe zenye miti kichwani, na baada ya muda wa saa sita hivi watu wanapita hapohapo kwa mitumbwi. Bahari ya Mediterania kwa upande wake karibu haiendi popote, ni makumi machache tu ya sentimita katika sehemu nyingi. Ukienda Cinque Terre au Santorini, habari ya maji isikushughulishe, fuata jua.

Tanga Moja:

Natofautiana kidogo na waliotangulia. Kalenda ni miezi 12, na mtu akifunua ukurasa anataka kushangaa. Ukikaa sehemu moja utarudi na picha 12 zinazofanana kama mapacha. Mimi ningekwenda Aislandi au visiwa vya Lofoten, Norwe. Lofoten ipo juu ya duara la Aktiki: kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai jua halizami, na ule mwanga wa dhahabu ambao kwenye ukanda wa tropiki ni wa dakika chache, kule unakaa kwa masaa. Kuanzia Septemba usiku unarudi, na mianga ya kaskazini, zile rangi zinazocheza angani usiku, inaanza kuonekana juu ya vijumba vyekundu vya wavuvi pale Hamnøy na Reine. Vilele vinasimama moja kwa moja kutoka majini. Sijaona pwani nyingine inayompa mpiga picha mlima na bahari kwa fremu moja namna ile.

Saa Sita:

Na mimi niwatetee wanaopiga picha mchana, kwani kila uzi wa namna hii huishia kusema machweo, machweo. Ukitaka rangi ya maji, ile kijani inayoingia kwenye buluu juu ya mchanga mweupe, jioni hutaipata. Jua likiwa chini, mwanga mwingi unateleza juu ya maji na kurudi angani. Likiwa juu, linazama hadi kwenye mchanga na kurudi na rangi. Kwa wangwa na fuo za matumbawe, saa nne hadi saa nane ndiyo saa yenyewe. Funga filta ya polaraizi, simama jua likiwa ubavuni kwako, izungushe taratibu mpaka mng'ao uondoke. Utaona samaki.

Jabali:

Dada au kaka, naomba usome hili kwa utulivu.

Reynisfjara imeua watu. Si kwa sababu bahari pale inachafuka kila siku. Siku nyingine inaonekana shwari, mawimbi madogo yanakuja na kurudi, kisha linatokea moja linalopanda ufuoni mbali kupita yote yaliyotangulia, na likirudi linavuta kokoto na mtu aliyesimama juu yake. Maji ni ya baridi kali. Wanaochukuliwa wengi huwa wameipa bahari mgongo, wanapiga picha zile nguzo za basalti au wanapigwa wao.

Mimi yalinikuta kwenye ufuo mwingine kabisa, mdogo, usio na sifa yoyote ya hatari. Nilikuwa nimeinama kwenye kamera, nahesabu sekunde thelathini, jicho kwenye kioo. Wimbi likafika kiunoni. Tripodi ilikwenda, mkoba wa lenzi ulikwenda, na mimi nilishika jiwe kwa kucha. Tangu siku hiyo nikifika ufuoni nakaa dakika ishirini bila kutoa kamera. Natazama tu wimbi kubwa linafika wapi, kisha nasimama juu ya hapo, na siendi peke yangu.

Kwa magenge ya chokaa nyeupe kama Étretat au Seven Sisters ya Uingereza, hatari ipo juu na chini. Juu, ukingo unaoukanyaga unaweza kuwa umeliwa kwa chini na wewe huoni. Chini, maji yakijaa yanakufungia kwenye kona isiyo na pa kupandia. Hakuna picha ya kalenda inayostahili hilo.

Matlai:

Jabali amenikumbusha jambo. Hizi sura tunazozifuata bahari inazila kila siku, na ndiyo inayozichonga. Twelve Apostles sasa zimebaki nane, moja ilianguka Julai 2005 mbele ya macho ya watalii. Hapo jirani kulikuwa na daraja la mwamba lililoitwa London Bridge. Januari 1990 sehemu iliyoliunganisha na nchi kavu iliporomoka, watu wawili wakabaki upande wa bahari hadi helikopta ilipowachukua. Azure Window ya Gozo, Malta, iliondoka yote na dhoruba ya tarehe 8 Machi 2017. Darwin's Arch ya Galápagos ilivunjika Mei 2021. Ninazo picha mbili za Azure Window, hazina ufundi wowote, na sasa ndizo ninazozitunza kuliko zote. Ukiwa na upinde au nguzo ya mwamba unayoipenda kwa moyo, usiiweke mwisho wa orodha.

Mleta uzi:

Nawashukuru sana, nimesoma kila neno, lile la Jabali mara mbili. Mimi ni dada, kwa aliyeuliza.

Nimekubali kuachana na sehemu nne. Australia na Shelisheli nimeziweka pembeni kwa sasa. Ila hoja ya Tanga Moja bado inanisumbua: picha 12 zisifanane. Je, upo mwambao mmoja ambao mtu anaweza kuufuata kwa gari kidogokidogo, na kila kituo kikawa na sura yake? Nami ningependa Étretat iwemo.

Kupwa Kavu:

Upo, dada, na Étretat ndipo unapoanzia. Shika pwani ya kaskazini mwa Ufaransa, uteremke kuelekea magharibi, Normandi hadi Bretanye. Ngoja nikueleze nilivyoupita mimi.

Étretat kaa siku tatu. Ukiwa ufuoni, asubuhi jua linaipiga Porte d'Aval, ule upinde wa mwamba, usoni, chokaa inang'aa na mistari yake yote. Jioni mwamba huohuo unakuwa kivuli mbele ya anga lenye rangi. Lile genge jeusi lililokuumiza Moher, hapa unalitaka, maana upinde unajichora wenyewe. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alikuja hapa miaka ya 1880 akaichora miamba hiihii tena na tena, bahari ikiwa imechafuka, ikiwa shwari, asubuhi, jioni. Wala picha zake hazifanani, kwa hiyo Tanga Moja asikutie hofu. Ukitaka kupita chini ya magenge, ingia maji yakiwa bado yanapwa, utoke kabla hayajageuka.

Kisha Arromanches. Mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Washirika yaliyopigana na Ujerumani yalijenga hapo bandari ya muda kwa makasha makubwa ya zege, na mabaki yake yapo mpaka leo. Maji yakipwa unayaona yamelala juu ya mchanga, mengine kama nyumba zilizozama. Hapo ndipo ile filta nyeusi ya kupunguza mwanga inapofanya kazi: bahari inalainika kama ukungu na zege linabaki gumu. Nilikaa hapo asubuhi moja ya mawingu mazito, peke yangu, na sijawahi kupiga picha yenye huzuni kama ile.

Halafu Mont Saint-Michel, kisiwa chenye abasia, yaani nyumba ya watawa, juu yake, na hapa nakuomba upange safari yako yote kuizunguka tarehe moja. Ghuba hiyo ina maji yanayopanda hadi kama mita 14. Ufaransa wanapima nguvu ya maji kujaa na kupwa kwa namba kutoka 20 hadi 120. Ukiona 110 au zaidi kwenye jedwali lao, kisiwa kinazungukwa na maji pande zote. Bamvua kubwa kabisa za mwaka huwa karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana. Na katika ghuba ile bamvua hujaa karibu na macheo, na tena karibu na machweo. Yaani maji na mwanga vinakutana. Unasimama nchi kavu saa kumi na moja jioni unatazama tambarare ya mchanga na matope, kisha mstari mweupe unatokea mbali, na ndani ya muda mfupi abasia ile iko juu ya kioo. Usiteremke kwenye mchanga bila mwongozaji. Yapo matope yanayomeza miguu, na maji yanaingia kwa kasi kutoka pande usizozitazamia.

Saint-Malo iko jirani, kuna ukuta wa bahari unaopigwa na mawimbi ya bamvua na maelfu ya vigogo vya mwaloni vilivyosimikwa ufuoni kuyavunja. Mwisho kabisa Ploumanac'h, graniti ya rangi ya waridi iliyochongwa na upepo na maji ikawa maumbo ya ajabu, na mnara wa taa wa Mean Ruz uliojengwa upya kwa jiwe hilohilo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Jioni jua likiugusa, mnara na miamba vinawaka kama makaa.

Chokaa nyeupe, zege, kisiwa, vigogo, graniti ya waridi. Hesabu mwenyewe.

Tanga Moja:

Hapo nimekubali. Lofoten iwe safari nyingine.

Mpangusa Lenzi:

Niongeze habari ya chumvi, maana hakuna aliyeigusa. Upepo wa pwani unabeba vitone usivyoviona, na vikikauka kwenye kioo vinabaki punje. Usipanguse kwa kitambaa kikavu, utakwaruza. Puliza kwanza, kisha kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Tripodi kila jioni ivute miguu yote uioshe, maana mchanga ukiingia kwenye viungo utaisikia ikilia. Na usibadilishe lenzi ufuoni penye upepo. Chagua moja kabla hujashuka.

Kasi za shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, nilizozoea: sehemu moja ya elfu ya sekunde ukitaka matone yagande hewani, nusu sekunde hadi moja wimbi linaporudi, povu liache mistari kwenye mchanga, sekunde 30 ukitaka bahari iwe ukungu. Ile filta nyeusi ya vituo 10, yaani inayopunguza mwanga kwa nusu mara kumi, inageuza picha ya sekunde 1/30 kuwa ya kama sekunde 30, kwa hiyo moja inakutosha. Tripodi yako nyepesi itundikie mkoba katikati, bila hivyo upepo wa kule utaitikisa.

Mleta uzi:

Basi nimeamua. Septemba, pwani ya kaskazini mwa Ufaransa. Nimeshatafuta tarehe za mwezi mpevu na majedwali ya bahari, nitaanzia Étretat ili siku za bamvua kubwa zinikute Mont Saint-Michel, kisha nimalizie Ploumanac'h. Dada yangu mdogo tunakwenda naye, kwa hiyo Jabali usiwe na wasiwasi, sitakuwa peke yangu, na dakika zile ishirini tutazikaa.

Swali la mwisho: ikinyesha mvua siku ya Saint-Malo, nikae ndani?

Kupwa Kavu:

Usikae ndani. Mvua ikikatika tu, shuka ufuoni kwenye vile vigogo maji yakiwa yanapwa. Vinakuwa vyeusi tii kwa kulowa, mchanga unashika anga lote kama kioo, na watu wengine wote wameshakimbilia ndani. Beba taulo ndogo mbili.